OILI YA GIABOKSI IKIGEUKA CHAI YA MAZIWA, ZIMA MASHINE KWANZA

Leo tuongee na ndugu zetu wa mashine. Wewe mwenye bekoo moja ya kukodisha, wewe uliyechanga na wenzako mkanunua greda ya mtumba, na wewe mwenye duka la oili na spea pembeni ya barabara. Mtaji wenu wote umelala kwenye chuma. Na chuma hicho hakiuawi na kazi nzito peke yake. Kuna kitu kinakimaliza taratibu, na wala hukinunui dukani: maji.

Maji yakiingia kwenye injini watu wengi wanashtuka haraka. Yakiingia kwenye giaboksi, opereta anaendelea na kazi kwa sababu mashine bado inatembea. Siku ikigoma, fundi akifungua, unaambiwa pleti za klachi zimekwisha, beringi zimeliwa, na mashine ipandishwe lobedi. Hapo ndipo mtu anauza kiwanja.

KWANZA: MAJI KIASI GANI?

Tuseme giaboksi yako inabeba lita 40 za oili. Maji ya asilimia 0.1 ni mililita 40 tu. Kikombe cha kahawa ya kijiweni hakijai. Lakini kwa beringi, kiasi hicho tayari si kidogo.

Kwa nini? Meno ya gia na beringi hayagusani chuma kwa chuma. Katikati kuna utando mwembamba sana wa oili unaobeba mzigo wote. Maji hayana nguvu ya kubeba mzigo huo. Yakipita pale utando unakatika, chuma kinagusa chuma, na vipande vidogo vinaanza kumeguka. Usiku mashine ikiwa imelala, maji hayo hayo yanaleta kutu. Na zile dawa ambazo kiwanda kimechanganya ndani ya oili ili kuzuia kutu, povu na kusagika, nazo zinaharibiwa na maji.

Kwa mashine za giaboksi ya klachi za ndani, zile unazobadilisha gia bila kukanyaga klachi kama bekoo nyingi, shavo na magreda, kuna hatari nyingine. Pleti zake zina ngozi iliyobandikwa kwa gundi. Maji, hasa yenye kulanti, yanalainisha ngozi na kubandua gundi. Ngozi ikibanduka, pleti zinateleza. Zikiteleza zinapata moto, na zikipata moto zinaungua. Vipande vyake vinakimbilia kwenye filta na vali. Ndiyo maana tatizo la oili linaishia kuwa tatizo la giaboksi nzima.

MAJI YANAPITA WAPI?

1. Kipoza oili. Mashine nyingi zinapooza oili ya giaboksi kwa kutumia maji ya rejeta. Ndani ya kipoza, oili na maji vinapita jirani kabisa, vimetenganishwa na bati au mirija myembamba. Ikitoboka, hapo ndipo mchezo unaanza. Mashine ikiwa inawaka, presha ya oili kwa kawaida ni kubwa kuliko ya maji, kwa hiyo oili inasukumwa kwenye rejeta. Ukizima, presha ya oili inashuka papo hapo, lakini maji ya rejeta bado ni ya moto na bado yana presha. Sasa yanarudi upande wa giaboksi. Kwa hiyo ukiona mafuta yanaelea kwenye rejeta, usikimbilie kusema ni gasketi ya injini. Angalia na giaboksi. Kama kipoza chako kinapozwa na upepo tu, mlango huu kwako haupo.

2. Kuoshwa vibaya. Vijana wa kuosha wanapenda kupiga maji ya presha kila kona. Wakielekeza kwenye sili, kwenye kijiti cha kupimia oili au kwenye kipumulio cha giaboksi, maji yanaingia. Mashine ikiwa ya moto ni mbaya zaidi. Ukiimwagia maji ya baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta kilicho nje. Kilicho nje ni maji.

3. Kuingia mtoni. Wachimba mchanga wanalijua hili. Mashine imefanya kazi asubuhi nzima, imepata moto, halafu inashushwa kwenye maji. Mvuto ni ule ule. Na hapo si giaboksi tu, hata ekseli na habu za magurudumu zina oili yake na zinaweza kunywa maji.

4. Unyevu wa hewa. Mashine inayolala nje, mchana jua kali na usiku baridi, inapumua. Hewa yenye unyevu inaingia, usiku inageuka matone ndani ya giaboksi. Mashine iliyokaa miezi bila kazi ipo hatarini kuliko inayofanya kazi kila siku.

5. Oili yenyewe. Ndiyo, unaweza kununua maji ndani ya pipa. Tutaliongelea hili chini, wenye maduka msiondoke.

JINSI YA KUPIMA BILA MAABARA

Asubuhi kabla ya kuwasha. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo usiku yanashuka chini. Legeza taratibu nati ya kumwagia oili, kinga kikombe kimoja. Maji yakitangulia kutoka, jibu umepata.

Angalia rangi. Oili nzuri ni angavu, hata ikiwa imezeeka na kuwa nyeusi kidogo. Yenye maji inafifia, kisha inakuwa kama chai ya maziwa. Ila usichanganye na povu. Weka oili kwenye chupa nyeupe ya maji ya kunywa, iache saa moja. Kama ni mapovu ya hewa, yatapanda juu na oili itang'aa. Kama ni maji, ufifi unabaki. Na usisubiri lazima uone maji chini ya chupa, maana yakichanganyika sana na oili hayajitengi kirahisi.

Jaribio la kijiko. Pasha moto kipande cha bati au kijiko kikavu juu ya jiko la mkaa, kisiwe chekundu. Kitoe pembeni mbali na moto, kisha dondosha tone moja au mawili ya oili. Oili yenye maji inalia na kurukaruka kama kitunguu kwenye kikaango. Oili kavu inatulia, inatoa moshi kidogo tu. Vaa miwani, na ni matone, si kijiko kizima.

Angalia rejeta. Mashine ikiwa imepoa kabisa, fungua mfuniko. Je, maji yanapungua kila wiki na chini hakuna dalili ya kuvuja? Yanaenda mahali. Tafuta.

Oili ikiwa safi kwa macho, bado maji kidogo yanaweza kuwemo. Mwenye mashine mbili tatu afikirie kupeleka sampuli maabara ya oili mara kwa mara. Gharama yake ukilinganisha na giaboksi ni ndogo sana.

UMESHAKUTA MAJI. UFANYE NINI?

Zima. Usiseme "nimalizie trip hii". Kila saa inayoongezeka inakula beringi.

Pili, tafuta mlango kabla ya kubadilisha oili. Watu wengi wanamwaga oili, wanaweka mpya, baada ya wiki ni maziwa tena. Umelipia oili mara mbili na tatizo liko pale pale. Kipoza kitolewe, kizibwe upande mmoja, kijazwe hewa ya presha ya kiasi na kuzamishwa kwenye maji. Mapovu yakitoka, kimetoboka.

Tatu, jua kwamba kumwaga mara moja hakutoshi. Oili nyingine inabaki kwenye mabomba, kwenye kipoza na kwenye tokonveta. Mwaga, badilisha filta, weka oili mpya, washa muda mfupi bila mzigo, mwaga tena. Rudia mpaka itoke safi. Kisha filta nyingine mpya.

Nne, usioshe giaboksi kwa dizeli, petroli au mafuta ya taa. Vinaondoa utando wa oili na vinabaki ndani kuilainisha oili mpya.

Tano, kama maji yaliyoingia yana kulanti, au mashine imeanza kuteleza kwenye gia, usikubali kubadilisha oili peke yake. Pleti zifunguliwe zikaguliwe.

Na yule anayekwambia "tuiache itulie, tuchote oili ya juu turudishie", mshukuru halafu mlipe nauli aende. Dawa za ile oili zimeshaharibika.

Kingine, weka oili ambayo kitabu cha mashine kinataka. Giaboksi za klachi za ndani kwa kawaida zinatumia oili nyepesi. Ukiweka ile nzito ya 90 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani, umetengeneza tatizo jipya.

UNANUNUA MASHINE YA MTUMBA?

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Mashine iliyokwisha kupashwa moto inaficha mengi. Chomoa kijiti cha oili, angalia sehemu iliyo juu ya usawa wa oili. Kutu pale ni ushahidi. Angalia chini ya mfuniko wa kujazia, je kuna ute mweupe? Oili mpya inayong'aa kwenye mashine ya miaka 20 isikufurahishe haraka. Huenda imewekwa jana. Iombe ifanye kazi saa moja hivi, izime, iache, kisha pima tena. Muuzaji mwenye mashine nzima hatakasirika.

UNAKODISHA?

Andika kwenye mkataba, hata ule wa ukurasa mmoja: mashine isiingie maji yanayozidi katikati ya magurudumu bila ruhusa yako, na ikiingia, oili ya giaboksi, ekseli na habu ikaguliwe kabla ya kazi ya kesho. Andika nani analipa ukaguzi huo. Mteja wa mchanga anataka trip, wewe unataka mashine iwepo mwakani. Bila maandishi, mkigombana wewe ndiye utaumia.

WENYE MADUKA YA OILI

Pipa la lita 200 likisimamishwa nje, mvua inajaa juu kwenye ukingo. Mchana jua linapasha, hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Jioni linapoa, linavuta, na kinachovutwa ni yale maji yaliyotuama juu ya kizibo. Hata pipa ambalo hujalifungua linaweza kunywa maji hivyo.

Weka ndani au chini ya paa. Kama lazima liwe nje, lilaze, vizibo vyote viwili viwe usawa mmoja, kushoto na kulia, ili oili ivifunike kwa ndani. Dumu la kupimia liwe na mfuniko. Faneli isining'inizwe nje. Mteja akiharibikiwa kwa sababu ya oili yako, hatarudi, na atawaambia wenzake kijiwe kizima.

PIGA HESABU YAKO

Chukua daftari. Upande mmoja andika bei ya filta, oili na kipumulio kipya. Upande wa pili andika bei ya kufungua giaboksi, pleti, beringi, lobedi, halafu zidisha bei yako ya siku kwa siku zote mashine itakazolala. Ongeza na rejesho la mkopo, maana benki haijui kwamba mashine imelala. Ukishaona tofauti ya namba hizo mbili, utajua kwa nini opereta wako anatakiwa kuchomoa kijiti cha oili kila asubuhi na kuandika alichokiona.

Mvua zikianza, anza na kipumulio: kisafishe, na kama kimevunjika badilisha. Halafu hakikisha kijiti na mfuniko vinakaza. Ni kazi ya nusu saa.

Una swali kuhusu mashine yako? Andika hapo chini aina ya mashine na dalili unazoziona. Na kama una mwenzako mwenye bekoo, mtumie hii kabla masika hayajamkuta.