Istilahi za Saketi za Kwanta

Wajerumani walipoanzisha taasisi ya biolojia na kilimo huko Amani, Usambara ya Mashariki, mwaka 1902, miti ya msitu ule ilikuwa tayari na majina: wenyeji waliijua. Mtafsiri wa fizikia hana bahati hiyo. Saketi za kompyuta za kwanta, zinazotafitiwa leo kwa ushirikiano wa wataalamu wa mataifa mengi, hazina mwenyeji wa kuulizwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza dhana yake kuu, kisha kupendekeza istilahi.

Kipitishi cha kawaida, kama waya wa shaba, hukinza umeme kidogo. Ndiyo sababu hupata joto. Mwaka 1911, huko Leiden, Uholanzi, Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi nyuzi 269 hivi za sentigredi chini ya sifuri. Ukinzani wake haukupungua tu, bali ulitoweka. Miaka ya 1984 na 1985, John Clarke, Mwingereza, Michel Devoret, Mfaransa, na John Martinis, Mmarekani, walionyesha huko Berkeley, California, kwamba saketi nzima ya vitu vya namna hiyo hufuata kanuni za kwanta, ambazo kwa kawaida huonekana katika chembe ndogo kama atomu. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2025.

Kitu hicho tukiiteje? Njia tatu zimo mbele yetu:

(a) Supakondakta. Neno hili halifai. Kwa Mswahili, kondakta ni mtoza nauli wa basi.

(b) Kipitishi kikuu. Hili lapotosha, kwani msomaji atadhani ni kipitishi bora kuliko shaba, hali tofauti yake si ya kiasi bali ya aina.

(c) Kipitishi kisokinza. Hili ndilo tunalolipendekeza. Lafuata sarufi yetu, kama tusemavyo 'mtu asojua', nalo lataja sifa yenyewe.

Kwa upande mwingine, 'kwanta' na 'kyubiti' tunaona yafaa kukopwa. Biti ya kawaida ni 0 au 1. Kyubiti yaweza kuwa mchanganyiko wa hali hizo mbili mpaka ipimwe. Hakuna neno letu lililokaribia maana hiyo, na kulilazimisha ni kulibebesha lisichoweza.

Huenda msomaji akauliza mambo haya yatuhusu nini. Upande wa magharibi wa milima hiyo hiyo ya Usambara, katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto, mwanafunzi Erasto Mpemba aliona mwaka 1963 kwamba maziwa ya moto yaliganda kabla ya yale yaliyopoa. Alipouliza sababu, alichekwa. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam, hakucheka. Alijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wataalamu wangali wakibishana juu ya maji, lakini jambo linalofanana na hilo limeonekana katika mifumo ya kwanta, nalo huitwa kwa jina la Mpemba.

Basi jina la Mswahili limekwisha kuingia katika taaluma hii. Lugha yake haijaingia. Mwanafunzi wa leo akiwa na swali kama lile, asikose maneno ya kuliuliza. Walimu na watafsiri, yajaribuni mapendekezo haya darasani na ofisini, mtuletee maoni yenu.