Harry Potter na watoto wa Nyanda za Juu: Sifa ipi ni halali, ipi ni kelele?

TANGU mwaka 1997 ni vigumu kutaja vitabu vya watoto vilivyonunuliwa, kusifiwa na kubishaniwa duniani kuliko hadithi saba za Harry Potter, mvulana yatima anayepelekwa katika shule ya bweni kujifunza uchawi.

Nakala zaidi ya milioni 600 za hadithi hizo, zilizotungwa na Mwingereza J. K. Rowling, zimeuzwa katika lugha zaidi ya 80. Idadi hiyo ni karibu mara kumi ya Watanzania wote waliohesabiwa katika sensa ya mwaka 2022.

Sifa za mvulana huyo zimefika hadi Nyanda za Juu Kusini. Mbeya na Iringa wapo watoto wanaomfahamu kwa filamu nane zilizotolewa kati ya mwaka 2001 na 2011, na wachache, hasa wa shule za mchepuo wa Kiingereza, wanaomfahamu kwa kusoma.

Kwa mzazi mwenye kipato cha kawaida, swali si la anasa. Je, vitabu hivi vina thamani inayolingana na sifa zake? Je, mtoto asiyevisoma amepungukiwa na nini? Na yule mzazi anayeviogopa kwa sababu vinazungumzia uchawi, ana hoja au hana?

Ili kulijibu swali hilo kwa haki, ni vema kutenganisha mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa: ubora wa hadithi na nguvu ya biashara.

Kitabu cha kwanza kilitoka Juni 26, 1997, baada ya kukataliwa na wachapishaji kadhaa. Kampuni ya Bloomsbury ya London ilichapisha nakala 500 tu zenye jalada gumu, na nyingi kati ya hizo zilipelekwa maktaba. Inaelezwa kuwa mwenyekiti wa kampuni hiyo alimpa binti yake wa miaka minane sura ya kwanza, na mtoto akadai apewe zilizobaki.

Hapo hapakuwa na matangazo ya televisheni wala foleni za usiku wa manane. Mtoto mmoja alimweleza mwenzake, naye akamweleza mwingine. Sifa ya mwanzo, kwa hiyo, ilitolewa na wasomaji wenyewe, na hiyo ni sifa halali.

Kelele zilikuja baadaye. Kitabu cha saba kilipotoka Julai 21, 2007, nakala milioni 8.3 ziliuzwa nchini Marekani pekee katika saa 24 za kwanza. Kufikia hapo, watu walikuwa wakinunua tukio kama walivyonunua kitabu.

Wahakiki hawakuwa na kauli moja. Profesa Harold Bloom wa Marekani aliandika mwaka 2000 kuwa lugha ya vitabu hivyo imechakaa na kwamba wingi wa wanunuzi si ushahidi wa ubora. Wengine walijibu kuwa mtoto hasomi ili ampendeze profesa, na kwamba fumbo linalotegwa katika kitabu cha kwanza na kuteguliwa katika cha saba si kazi ya mtu asiyejua kutunga.

Kuna jambo moja ambalo msomaji wa Nyanda za Juu analielewa haraka kuliko wengi. Hadithi hii kwa kiasi kikubwa ni hadithi ya shule ya bweni: mtoto anayeondoka nyumbani na sanduku lake, mabweni yanayoshindana, mwalimu mkali, chakula cha pamoja, na urafiki unaoota mbali na wazazi.

Aliyesoma Tosamaganga, Malangali, Loleza au Iyunga hahitaji kuelezwa mambo hayo. Rowling aliuchukua utanzu wa zamani wa hadithi za shule, akauchanganya na maajabu. Ustadi wake umo katika mchanganyiko huo zaidi ya kubuni kitu kipya kabisa.

Dai kubwa kuliko yote lililotolewa kuhusu vitabu hivi ni kwamba vimerudisha usomaji kwa kizazi kilichotekwa na televisheni. Dai hilo halithibitiki kirahisi.

Mwaka 2007, mwaka uleule wa kitabu cha saba, Mfuko wa Taifa wa Sanaa wa Marekani ulitoa ripoti kuhusu usomaji. Ilionyesha kuwa vijana wa miaka 17 ambao hawasomi kabisa kwa kujifurahisha, au husoma kwa nadra sana, walikuwa asilimia 9 mwaka 1984, na kufikia mwaka 2004 walikuwa asilimia 19.

Maana yake ni kwamba hata katika nchi iliyonunua mamilioni ya nakala, kitabu kimoja kinachopendwa hakikutosha kujenga tabia ya kusoma. Kinaweza kufungua mlango, lakini ndani ya mlango huo lazima pawe na vitabu vingine.

Hapa ndipo suala hili linapotuhusu. Utafiti wa Uwezo uliotolewa mwaka 2010 ulibaini kuwa mtoto mmoja kati ya watano waliokuwa wakimaliza elimu ya msingi nchini hakuweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili, na kwamba nusu yao hawakuweza kusoma ya Kiingereza.

Mtoto wa namna hiyo anapoingia kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, kumkabidhi Harry Potter ni sawa na kumpandisha mlima Rungwe kabla hajajua kutembea. Kitabu cha tano cha mfululizo huo kina zaidi ya kurasa 700. Kwa mtoto aliyezoea kusoma ni karamu. Kwa asiyezoea ni adhabu.

Tuje kwenye hofu ya wazazi. Haifai kuicheka, kwani ina mizizi katika lugha na katika historia.

Katika hadithi ya Rowling, uchawi ni kipaji ambacho mtu huzaliwa nacho, mithili ya kipaji cha muziki, na huweza kutumika kwa wema au kwa ubaya. Katika Kiswahili, mchawi si mwenye kipaji. Ni adui wa jirani yake, anayeroga usiku, na anayeponya huitwa mganga. Mtoto akisema anasoma kitabu cha "shule ya wachawi", mzazi husikia jambo ambalo mwandishi hakulikusudia.

Aidha, kwetu uchawi si mchezo wa maneno tu. Sheria ya Uchawi iliyotungwa na wakoloni mwaka 1928 imeendelea kuwamo katika vitabu vya sheria za nchi. Mkoani Mbeya, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu waliuawa na kuchunwa ngozi kwa imani za kishirikina. Mzazi anayekumbuka hayo ana haki ya kuuliza mtoto wake anasoma nini.

Hata hivyo, kuuliza si kupiga marufuku. Hadithi za maajabu hazikuletwa na Rowling. Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vilisoma Alfu Lela Ulela, yenye majini na mazulia yanayopaa, na havikuwa vizazi vya warogaji. Shaaban Robert aliandika Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili waovu wanageuzwa kuwa manyani, na kitabu hicho kikahesabiwa kuwa cha maadili.

Mwaka 1940 ilichapishwa huko London tafsiri iitwayo Elisi katika Nchi ya Ajabu, na michoro yake ikamwonyesha Elisi kama msichana wa Kiafrika. Mtafsiri alitambua jambo la msingi: mtoto huingia upesi katika nchi ya ajabu akimkuta huko mtu anayefanana naye.

Katika miaka ya karibuni zaidi, mwaka 2008, Edwin Semzaba, aliyekuwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alitoa Marimba ya Majaliwa. Ni riwaya ya mvulana anayezunguka Tanzania kwa ungo akiitafuta marimba yake iliyoibwa. Ungo, ambao kila mtoto wa Kitanzania amesikia kuwa ni chombo cha wachawi, unakuwa chombo cha kujifunza jiografia ya nchi.

Huo ni ufundi usiopungua ule wa fagio linalopaa. Tofauti ni kwamba fagio lilipata kampuni kubwa, filamu na foleni za usiku, ungo haukupata.

Maajabu yenyewe hayajapungua katika mikoa hii miwili. Mjini Iringa lipo jiwe la Gangilonga, jina ambalo kwa Kihehe lina maana ya jiwe linaloongea, na simulizi za wenyeji hulihusisha na Mtwa Mkwawa na vita vyake dhidi ya Wajerumani.

Mfano wenye uzito zaidi ni wa kipunji. Mwaka 2003 watafiti wa wanyamapori waliokuwa wakifanya kazi mlima Rungwe walisikia kwa wawindaji habari za nyani mwenye haya anayeitwa kwa jina hilo. Kwa kuwa masimulizi ya Wanyakyusa yana wanyama wa kweli na wa kufikirika pia, haikujulikana mara moja kama mnyama huyo yupo.

Mwishoni mwa mwaka huo wakamwona waziwazi. Mwaka 2004 watafiti wengine wakamkuta katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa, upande wa Iringa. Mwaka 2005 alitangazwa kuwa spishi mpya kwa sayansi, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, iliyobeba jina la mlima wa Mbeya.

Kiumbe aliyedhaniwa huenda ni wa hadithi akawa wa kweli, tena katika mikoa hiyo miwili. Mwandishi wa watoto angetaka nini zaidi?

Kinachokosekana, kwa hiyo, si ndoto. Ni utaratibu wa kuifanya ndoto iwe kitabu na kukifikisha kitabu mkononi mwa mtoto. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ulionyesha njia: kuwafunza waandishi na wachoraji, kisha kununua sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni ili mchapishaji asipate hasara. Palipo na mnunuzi wa uhakika, vitabu huandikwa.

Jibu la swali letu, basi, lina sehemu mbili. Vitabu vya Harry Potter vinastahili sifa ya kumfanya mtoto amalize kitabu kinene bila kulazimishwa na bila kuahidiwa mtihani. Havistahili sifa ya kuokoa usomaji wa dunia, na si kipimo cha mtoto mwerevu wa Mbeya au Iringa.

Kwa mzazi, hatua ya busara ni kuanza na lugha anayoimudu mtoto. Maktaba za mikoa za Mbeya na Iringa, zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ni mahali pa kuanzia kwa asiye na uwezo wa kununua. Mtoto aanze na hadithi fupi za Kiswahili, aende kwenye riwaya, na Kiingereza kikishakomaa amfuate Harry Potter akipenda.

Mzazi mwenye hofu naye asome sura mbili tatu pamoja na mtoto wake, kisha amweleze tofauti ya uchawi wa kitabuni na ushirikina unaoua watu. Mazungumzo hayo yatamlinda mtoto kuliko kitabu kilichofichwa kabatini.

Kwa walimu na halmashauri, somo la zile nakala 500 za mwaka 1997 ni rahisi: nyingi zilipelekwa maktaba, na huko watoto wakazikuta. Shule isiyo na rafu ya vitabu vya hadithi haiwezi kujua ni mtoto yupi kati ya wanafunzi wake angedai sura zilizobaki.