Mapishi ya Mama Hayaanzii Jikoni

Mama mwenzetu, je, unakumbuka ulijifunzaje kupika? Wengi wetu hapa Chemba hatukufundishwa kwa kitabu. Tulikaa kando ya meko, tukatumwa chumvi, tukashikishwa mwiko, hadi siku moja tukaambiwa, "Leo pika wewe." Kipimo chetu kilikuwa kiganja cha mkono, na kuiva kwa chakula tulikujua kwa harufu.

Ndiyo maana tulifurahi sana mwenzetu mmoja wa kikundi cha akina mama kanisani alipotuletea daftari alilolikuta chini kabisa ya sanduku la bati la marehemu mama yake. Ni daftari la mwaka 1975. Wasomaji wetu wenye umri watakumbuka kwamba mwaka huo ilikuwapo kampeni ya Chakula ni Uhai, ambapo watu wazima vijijini walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana juu ya lishe. Mama yule alikuwa ndiyo kwanza amejua kusoma na kuandika. Kwa penseli, kwa herufi kubwa zilizoinama, aliandika masomo ya redioni upande mmoja. Upande wa pili, bila kuagizwa na mtu, aliandika mapishi ya nyumbani kwake: mlenda wa kukausha, kunde kwa ufuta, ugali wa uwele, uji wa mtama wenye ubuyu. Kurasa zina madoa ya mafuta. Tulizinusa, msitucheke.

Tukakubaliana kuyanakili mapishi yale kwa ajili ya mabinti watatu wa kikundi chetu wanaojiandaa kuolewa. Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ifunguliwe mwaka 2018, maduka yetu yamejaa sembe, tambi na viungo vya pakiti. Mabinti wanajua pilau, wanajua chipsi mayai. Lakini mlenda wananunua sokoni ukiwa tayari ni unga, na ukiwauliza umetokana na majani gani, wanatazamana.

Mlenda wa daftari ni huu. Majani huchumwa wakati wa masika yakiwa machanga, huanikwa hadi yavunjike yakishikwa, hutwangwa na kuchekechwa. Siku ya kupika, chemsha maji vikombe viwili, tia magadi kidogo sana na chumvi, kisha nyunyiza unga wa mlenda kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga kwa upekecho usije ukafanya mabonge. Ukianza kuvutika, tia nyanya iliyopondwa, na mwisho karanga zilizotwangwa au ufuta. Usifunike chungu, maana utafurika hadi kwenye kuni. Hilo la kufunika mama yule alilipigia mstari mara mbili. Nadhani mnaelewa kwa nini.

Jumamosi moja tukapika nyumbani kwa mwenzetu. Tulimwalika bibi mmoja jirani, Mwislamu, aliyekuwa rafiki mkubwa wa marehemu. Yeye hakubahatika kusoma, kwa hiyo tukamsomea daftari ukurasa kwa ukurasa. Alisikiliza hadi mwisho huku akitabasamu. Kisha akasema, "Wajukuu zangu, hapa mmeanzia katikati."

Tukamwuliza katikati ya nini.

Akatueleza kwamba ugali wa enzi zao ulianza siku ya kuvuna. Nafaka haikumwagwa kwenye udongo mtupu. Ilianikwa juu ya jabali, ya mkeka au ya kichanja, na jioni ilikusanywa isipate umande. Mama alichukua punje akaiuma. Ikikubali meno kwa ulaini, bado. Ikikatika kwa mlio, tayari. Kihenge kiliinuliwa juu ya magogo ili unyevu wa ardhi usipande. Mbegu na akiba ya kunde zilikaa kwenye kilindo pamoja na majivu. Na hakuna punje iliyoingia kinuni kabla ya kupetwa kwa ungo na kuchaguliwa kwa mkono, moja moja, huku hadithi zikiendelea. "Mama yenu hakuyaandika hayo," alisema, "kwa sababu kila mtoto aliyajua."

Hapo sote tukanyamaza. Tulikuwa tunakumbuka mwaka 2016.

Mwaka huo, kuanzia mwezi wa Juni, ugonjwa usiojulikana ulizuka katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na wilaya yetu ya Chemba ikiwamo. Watu waliumwa tumbo, wakatapika, macho yakawa ya manjano, matumbo yakajaa maji. Walihesabiwa wagonjwa 68, na 20 kati yao wakafariki. Vipimo vilionyesha kwamba ini lao lilikuwa limeharibiwa na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu anayeota kwenye nafaka. Chanzo kikubwa kilikuwa mahindi yaliyolimwa nyumbani na kuhifadhiwa nyumbani. Yalikuwa chakula cha kila siku, kilichopikwa na mama kwa upendo.

Sisi tulio wauguzi tunapenda mama aelewe jambo hili vizuri: sumukuvu haiishi kwa kupikwa. Hata ugali ukisongwa saa nzima, sumu inabaki. Ndiyo maana lile neno la bibi lilituchoma. Tulikuwa tunataka kuwarithisha mabinti mapishi, tukawa tunawapa nusu yake tu, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayolinda uhai.

Tena wakati huu inahitajika zaidi. Mtama na uwele wa bibi zetu vilikaa vizuri katika ukame wa huku kwetu. Mahindi na karanga, ambavyo sasa tunavitegemea sana, hushambuliwa mno na kuvu huyu, hasa mvua ikikatika mapema na mmea ukateseka shambani.

Basi tuliongeza kurasa mbele ya zile za mama yule. Tuliandika kuanika, kuuma punje, kihenge, ungo. Tukaongeza na jambo moja tulilojifunza kwa mabwana shamba: tia mahindi kidogo na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, uache kwa robo saa. Chumvi ikinata ndani ya chupa, mahindi hayajakauka, rudisha jua. Punje zilizoota ukungu, zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au kuvunjika, ziondolewe. Na zisipewe kuku, wala zisifanywe togwa, maana sumu inarudi mezani kwa njia nyingine. Zifukiwe. Tunajua inauma kufukia chakula katika nchi ya njaa kama hii yetu.

Si kila kitu cha zamani tulikinakili jinsi kilivyo. Magadi ya daftari yalikuwa mengi, na kwa mama mwenye shinikizo la damu si mazuri, tukayapunguza. Majani ya mlenda tunaanika kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali linaharibu vitamini A. Bibi alinuna kidogo kwa hayo magadi. Anasema mlenda wetu hauvutiki inavyopaswa, nao kwa kweli hauvutiki.

Nakala tatu ziko tayari, zimejaladiwa kwa karatasi ya kaki. Imebaki karanga tu. Daftari linasema "za kutosha", na kila mmoja wetu ana kiganja chake.