Mbao Hizi Zimetoka Wapi? Takwimu za Misitu na Mnunuzi wa Fanicha

Mteja anayeagiza kitanda cha mninga huuliza bei, huuliza siku ya kukichukua, na akiwa mwangalifu huuliza kama mbao zimekauka vyema. Ni wachache wanaouliza mti wenyewe ulikatwa wapi. Hata hivyo, chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kukutwa na mazao ya misitu yaliyovunwa isivyo halali ni kosa, na mbao za namna hiyo zaweza kutaifishwa zikiwa njiani. Katika sura hii tunaeleza jinsi takwimu zilizokusanywa na watafiti na kuwekwa wazi kwa umma zinavyoweza kumsaidia mnunuzi, na pia mahali zinapokomea.

Tuanze na hesabu ya taifa. Tathmini ya rasilimali za misitu ya Tanzania Bara, ijulikanayo kwa kifupi kama NAFORMA, ilichapishwa mwaka 2015 baada ya wapimaji kuzunguka nchi nzima wakipima miti. Ilionyesha kuwa misitu imeenea kwenye hekta milioni 48.1, yaani zaidi ya nusu ya ardhi yote. Tarakimu hiyo ikisomwa peke yake huweza kumlaza mtu usingizi. Ile inayopaswa kutuamsha ni nyingine: maeneo yanayoruhusiwa kuvunwa yangeweza kutoa meta za ujazo milioni 42.8 kwa mwaka bila kudhoofika, ilhali matumizi yalikadiriwa kufika milioni 62.3. Sehemu kubwa ya matumizi hayo ni kuni na mkaa. Lakini mwenye kununua fanicha asijitoe lawamani upesi, maana miti ya mbao ngumu hukua polepole na hutafutwa mmoja mmoja.

Chanzo cha pili ni picha za setilaiti. Setilaiti za Landsat za Marekani zimeipiga picha dunia tangu mwaka 1972, lakini kwa miaka mingi picha hizo ziliuzwa, na mtafiti asiye na fedha alinunua chache au hakununua kabisa. Mwaka 2008 hazina yote ilifunguliwa bila malipo. Miaka mitano baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland walitoa ramani ya dunia nzima inayoonyesha mahali miti ilipopotea, mwaka hadi mwaka, katika viraba vyenye upana wa meta 30. Leo mtu mwenye simu anaweza kuifungua ramani hiyo katika tovuti ya Global Forest Watch na kukitazama kijiji alichotajiwa na muuzaji.

Tunamsihi msomaji asiitegemee ramani hiyo kupita kiasi. Setilaiti haimtambui mninga katikati ya miti mingine. Shamba la misaji likivunwa kwa utaratibu huonekana sawa na msitu wa asili uliofyekwa, na mikorosho huhesabiwa kuwa miti kama ilivyo miombo. Tena, mkataji akichukua mininga michache mikubwa na kuiacha mingine isimame, kijani hubaki kijani. Msitu unaweza kuwa umekwisha kunyang'anywa miti yake ya thamani na ramani isiseme neno.

Kwa hiyo lazima kuwepo mtu wa kuhesabu akiwa chini ya miti. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha kimataifa cha FSC kwa misitu yao ya asili, baada ya wanavijiji kupima mipingo na miti mingine na kujiwekea kiwango cha kuvuna. Kwa mnunuzi, faida ya mpango wa namna hii ni kwamba kuna daftari la kulinganisha: kiasi kilichoruhusiwa, na kiasi kilichotoka.

Pale ambapo hakuna cheti, zipo nyaraka. Mwulize fundi au mwenye ghala akuonyeshe stakabadhi na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo wafanyabiashara huiita TP. Tazama tarehe, aina ya mti, ujazo na njia iliyoandikwa. Hati iliyotolewa miezi mingi kabla ya mbao kufika, au yenye ujazo usiolingana na rundo lililo mbele yako, inastahili swali. Fundi mwaminifu hataudhika; naye alinunua kwa mtu, na nakala za nyaraka hizo humlinda yeye kwanza.

Jambo jingine ni jina. Mti unaoitwa mkongo huku kwetu ni mbambakofi katika pwani ya Kenya, na watafiti wote huuandika *Afzelia quanzensis*. Jina la kisayansi ndilo linalounganisha hati ya msitu, orodha ya miti iliyo hatarini na mkataba wa CITES. Mipingo iliingia katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba huo mwaka 2017. Mkutano wa mwaka 2022 ukaongeza mkongo na mninga, kwa hiyo magogo na mbao zake hazivuki mpaka bila kibali.

Mwisho, wapo wasomaji wanaopenda kuchangia taarifa wenyewe kwa kupiga picha mimea na kuipeleka katika hifadhidata za wazi kama iNaturalist, ambako watafiti huichukua. Tunawahimiza, kwa tahadhari moja. Katika nyanda za Kitulo mizizi ya okidi imechimbwa kwa wingi ili iuzwe Zambia kama chakula, na mchimbaji naye anaweza kusoma ramani. Programu hiyo huficha yenyewe mahali halisi pa spishi nyingi zilizo hatarini, lakini si zote. Kabla ya kutuma picha ya mmea adimu, fungua sehemu ya mahali na uchague mwenyewe kupaficha. Na picha hiyohiyo usiirushe kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na jina la kilima.