'Baridi' na 'Kupoa': Maana ya Msingi na Maana ya Kitamathali

Imezoeleka kudaiwa kwamba Mswahili huusifu ubaridi kwa sababu pwani kuna joto. Maneno baridi na burudani yanatokana na mzizi mmoja wa Kiarabu. Na hasira, kama uji, hupoa. Kwa Kiingereza, kinyume chake, mwenye moyo wa baridi ni mkatili, na sababu hutafutwa katika majira ya theluji.

Dai hilo halisimami likipelekwa Endarasha, Nyeri, chini ya milima ya Nyandarua, zaidi ya meta 2,000 juu ya usawa wa bahari. Huko baridi ni adui: jalidi ya usiku huunguza majani ya viazi yakageuka meusi. (Burudani ya hapo, kwa hakika, iko kando ya makaa.) Hata hivyo Kikuyu cha wenyeji hutumia kitenzi hora kwa moto unaozimika na kwa mtu anayetulia, na horeria kwa kumtuliza mwenye uchungu. Baridi ya hewa ina neno lake, heho, lenye shina jingine.

Basi asili ya sitiari hii si hali ya hewa, bali ni moto. Kupoa nako husemwa juu ya kitu kilichokuwa na moto kwanza: chuma, chai, ugomvi. Hata Kinorwe, lugha ya nchi ya theluji, humtaka mtu awe na kichwa baridi wakati wa hatari, yaani atulie. Mfasiri aandikaye "moyo uliopoa" kwa maana ya ukatili huwa amemsifu mtu aliyekusudiwa kulaumiwa.