Fasihi ya Kiingereza Bila Darasa

Kila mwezi wa Novemba, wanafunzi wa kidato cha nne nchini Tanzania wanapokaa kwenye mtihani wa taifa, kundi jingine la watu hufanya mtihani huohuo bila sare ya shule. Humo wamo mafundi cherehani, walinzi, wauza duka, akina mama waliomwachia jirani mtoto, na vijana walioanguka miaka ya nyuma ambao sasa wanarisiti. Namba zao za mtihani huanza na herufi P, ilhali za wanafunzi wa shule huanza na S. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huwaita watahiniwa wa kujitegemea.

Hisabati ndiyo inayosifika kwa kutisha. Hata hivyo, mtu anayejisomea nyumbani anaweza kufanya hesabu, akafungua kurasa za mwisho za kitabu na kujua papo hapo kama amepata au amekosa. Fasihi haina kurasa hizo. Ukiulizwa kama mzee Baroka katika tamthilia ya The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka anastahili ushindi wake au ni mjanja tu, jibu hupatikana kwa kubishana, na aliye peke yake hana wa kubishana naye. Hapo ndipo ugumu wa somo hili kwa mwanafunzi wa masafa ulipo, kuliko hata kwenye Kiingereza chenyewe.

Fasihi humfikia kwa milango miwili. Wachache huchagua somo la Literature in English, lenye mtihani wake. Wengi hukutana nayo ndani ya karatasi ya Kiingereza ya kawaida, ambayo kwa miaka mingi imekuwa na maswali ya insha kuhusu tamthilia, riwaya na mashairi. Orodha ya vitabu wanaijua kwa moyo: The Lion and the Jewel, Three Suitors: One Husband, The Black Hermit, Weep Not, Child, Passed Like a Shadow, Unanswered Cries, na diwani kama Summons iliyohaririwa na Richard Mabala na Growing Up with Poetry ya David Rubadiri. Karibu vyote vimeandikwa na Waafrika kuhusu Waafrika. Anayedhani fasihi ya Kiingereza ni habari za theluji na majumba ya Uingereza hushangaa akifungua kitabu na kukuta mahari, mganga, ukeketaji, UKIMWI, na vita vya Mau Mau vinavyomkatiza masomo kijana Njoroge wa Weep Not, Child.

Kusoma namna hii hakukuja na simu janja. Chuo cha Wolsey Hall cha Oxford kilianza mwaka 1894 kutuma masomo kwa posta, na kwa miaka mingi bahasha za vyuo vya aina hiyo zilifika kwa walimu na makarani wa Afrika waliotaka vyeti ambavyo shule zilizokuwapo hazikuweza kuwapa. Mwanafunzi alipokea kijitabu, akajibu maswali, akatuma majibu, kisha akasubiri wino mwekundu wa mwalimu asiyemjua sura. Kenya ilipata kitengo chake cha masomo ya posta huko Kikuyu mwaka 1967, kikisaidiwa na vipindi vya redio, hasa kwa ajili ya walimu wa shule za msingi waliotaka kupanda daraja. Tanzania ilijitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, ikaunda NECTA mwaka 1973, na mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikapewa sheria yake. Taasisi hiyo ndiyo iliyobeba masomo ya posta, na ndiyo inayoendelea kubeba elimu ya sekondari kwa walio nje ya mfumo rasmi.

Leo njia yenyewe iko hivi. Asiyepita kidato cha pili shuleni hufanya kwanza mtihani wa maarifa, ambao kila mtu huuita QT. Akifaulu ndipo hujisajili kwa mtihani wa kidato cha nne. Usajili hufanyika miezi ya mwanzo ya mwaka, kwa hiyo anayezinduka Agosti amechelewa. Vituo vya Taasisi humfundisha mwanafunzi masomo ya vidato viwili kwa mwaka mmoja, kwa moduli za kujisomea pamoja na vipindi vichache vya ana kwa ana. Tangu Novemba 2021, serikali ilipotangaza kuwa wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wanaweza kurudi, madarasa haya yamepata sura mpya. Mradi wa SEQUIP, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, umewapa wasichana hao njia mbadala kupitia vituo hivyo. Binti wa namna hiyo anaposoma Unanswered Cries, habari za Olabisi anayepigania mwili wake usikeketwe mpaka shauri linafika mahakamani, anakuja na ujuzi ambao mwenye sare huenda hana. Ni haki mtihani umpe nafasi ya kuutumia.

Lakini ili autumie, lazima awe amekisoma kitabu. Hapa ndipo mambo yanapoharibika.

Karibu na kila kituo cha masomo kuna steshenari inayouza madesa, yaani muhtasari wa vitabu uliotolewa kopi ya kopi hadi herufi zimefifia. Desa la tamthilia lina kurasa chache: mwandishi, mandhari, wahusika, dhamira saba, na chini ya kila dhamira sentensi mbili. Kwa mtu anayetoka kazini saa mbili usiku, ni kishawishi kikubwa. Tatizo ni kwamba maswali ya insha mara nyingi humtaka mtahiniwa atumie vitabu viwili kwa pamoja, na kazi ya desa ni kuvifanya vitabu viwili vifanane.

Chukua mahari, swali ambalo kila anayejiandaa hulitarajia. Desa la The Lion and the Jewel litaandika “mahari”. Desa la Three Suitors: One Husband litaandika “mahari”. Mwenye madesa ataunganisha na kusema waandishi wote wawili wanapinga mahari. Sasa fungua vitabu vyenyewe. Katika kijiji cha Ilujinle, kwenye The Lion and the Jewel, mwalimu Lakunle ndiye anayekataa kutoa mahari, kwa hotuba ndefu za usomi, na msichana Sidi ndiye anayeidai kwa nguvu zote, kwa sababu bila mahari kijiji kitasema hakuwa bikira. Katika kijiji cha Mvoutessi, kwenye tamthilia ya Mkameruni Guillaume Oyono-Mbia, msichana Juliette anarudi kutoka shuleni na kukuta baba yake ameshapokea faranga 100,000 kutoka kwa mkulima Ndi, kisha babu na ukoo mzima wanashangilia faranga 200,000 za mtumishi wa serikali, Mbia. Juliette hataki kuuzwa. Anaziiba pesa zote 300,000, anampa mpenzi wake Oko, na Oko anarudi kama tajiri na kumwoa kwa pesa zilezile.

Msichana mmoja anaidai mahari ili alinde heshima yake, mwingine anaikimbia ili alinde heshima yake. Na anayeipinga kwa hotuba, Lakunle, anashindwa, ilhali anayeipinga kwa hila anashinda. Hayo ndiyo mambo ya kuandika. Mtahiniwa aliyeona tofauti hiyo hata mara moja hahitaji kukariri, kwa sababu hoja zimeshajipanga kichwani: sababu za Sidi, sababu za Juliette, wazazi wanasimama wapi, pesa inafanya nini. Hizo tayari ni aya za insha, na Kiingereza chake hata kikiwa chepesi kitatosha kuzibeba.

Kuna kingine kinachopotea kwenye muhtasari. Tamthilia ya Soyinka imegawanywa asubuhi, mchana na usiku, na ndani yake vijana wanaigiza kwa ngoma safari ya mgeni aliyepotelea porini na gari lake. Kurasani, ngoma hizo ni maelekezo ya jukwaani tu, ambayo msomaji wa haraka huyaruka. Akiyaruka, amekosa namna kijiji kinavyomcheka mgeni na kamera yake, na hataelewa kwa nini picha za Sidi gazetini zinampa kiburi. Tamthilia iliandikwa isikike. Aliye peke yake chumbani anaweza kuisoma kwa sauti, akibadili sauti kwa kila mhusika. Majirani watashangaa siku ya kwanza, watazoea.

Mwanafunzi wa Afrika Mashariki ana akiba ambayo mara nyingi haitumii. Kwenye somo la Kiswahili ameshafundishwa fani na maudhui: dhamira, migogoro, wahusika, mandhari, muundo, mtindo, tamathali za semi. Vyombo hivyo ndivyo vinavyotakiwa kwenye Kiingereza. Aliyeweza kueleza kejeli katika ngonjera au tashbiha katika shairi la Shaaban Robert anajua kazi tayari, na kilichobaki ni kuizoea istilahi ya Kiingereza. Inasikitisha kumwona mtu akianza upya kana kwamba hajawahi kuchambua kitu maishani. Kwa mwenye Kiingereza kidogo, njia ya busara ni kuandika kwanza hoja zake kwa Kiswahili, kwa ukamilifu, kisha kuzihamisha. Asiyejua anachotaka kusema kwa Kiswahili hatakijua kwa Kiingereza.

Na ule upweke? Historia ina mfano mmoja unaostahili kutajwa. Kwenye gereza la Robben Island, Afrika Kusini, wafungwa wengi wa kisiasa walisomea mitihani kwa posta, Nelson Mandela mwenyewe akisomea sheria ya Chuo Kikuu cha London. Mfungwa Sonny Venkatrathnam alikuwa na kitabu kimoja chenye kazi zote za Shakespeare. Alikifunika kwa kadi za sikukuu ya Diwali ili askari wadhani ni msahafu wake. Kikazunguka kwa wenzake, na kila mmoja akaweka saini kwenye kifungu alichokipenda. Mandela alichagua mahali katika Julius Caesar, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963, na Mandela akaweka saini tarehe 16 Desemba 1977. Watu waliofungiwa mbali na kila shule walitengeneza darasa kwa kitabu kimoja.

Watahiniwa watatu wa mtaa mmoja wanaweza kufanya vivyo hivyo bila kificho. Kitabu kimoja, kila Jumamosi sura mbili, na sharti kwamba kila mmoja aje na swali lake. Walio mbalimbali hutumiana sauti za WhatsApp, ambazo hazili bando kama video. Asiye na pesa ya kununua vitabu vyote aanzie maktaba ya mkoa. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1967, bado ni mahali pa kukaa kimya na kusoma, jambo adimu kwa anayelala chumba kimoja na watu wanne.

Kuhusu nani atamsahihishia insha, jibu zuri ni mwalimu, hata kama ni wa kumlipa tuisheni kwa insha tano tu kwa mwezi. Lakini kuna msaada wa bure usiotumika vya kutosha. Kila mwaka NECTA huweka kwenye tovuti yake taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, zikiwa na nakala za majibu mazuri na mabaya kwa mwandiko wa watahiniwa wenyewe, na maelezo ya kilichokosewa. Humo utaona mtu aliyesimulia hadithi yote badala ya kujibu swali, aliyetaja kitabu kisicho cha mwandishi huyo, aliyeandika hoja bila mfano hata mmoja kutoka kitabuni. Taarifa mbili za namna hiyo, zikisomwa kwa kalamu mkononi, zinazidi rundo la madesa. Muundo wa mtihani nao uko hapohapo, na ni vizuri kuutazama kila mwaka, pamoja na orodha ya vitabu, kwa kuwa mtaala mpya umeanza kuingia na yaliyozoeleka yanabadilika.

Anayepata krediti tatu, yaani alama C au zaidi katika masomo matatu, anaruhusiwa kujisajili kwa kujitegemea mtihani wa kidato cha sita. Huko fasihi inapanda ngazi: kwa miaka mingi waliochukua Kiingereza wamekutana na A Man of the People ya Chinua Achebe, Betrayal in the City ya Francis Imbuga, hata An Enemy of the People ya Mnorwe Henrik Ibsen. Wapo watakaoikuta orodha hiyo wakiwa wameshaanza kusoma, kwa sababu waliazima kitabu kimojawapo maktaba walipokuwa wakisubiri matokeo ya kidato cha nne.