Kudishi Bila Breki: Hii Tiba ya Mtandaoni Inafanya Kazi Aje?

Maze, kuna kushiba na kuna ile ingine. Ile ya saa tano usiku, mlango umefungwa, unamaliza mkate mzima na hata hausikii ladha. Unajua umeshiba lakini mkono unarudi tu. Halafu unaficha karatasi chini ya kitanda ndio mathe asione.

Kama hiyo inakupata angalau mara moja kwa wiki, miezi mitatu mfululizo, na inakuacha ukijichukia, huo si ulafi. Tangu 2013 madaktari wa akili Marekani wanautambua kama ugonjwa kivyake. So mwenye anakuambia "jikaze tu" hajakusaidia na chochote.

Shida ni kuwa vijana wengi hawawezi bonga hii story uso kwa uso. Aibu. Ndio maana tiba ikapelekwa kwa intaneti. Mwaka wa 2008, jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa wanafunzi 105 wa high school huko Marekani. Wengine walipewa programu ya wiki 16, wengine wakangoja. Wenye walipewa walipunguza kudishi kupitiliza kuliko wenye walingoja.

Kazi ya kwanza ni kuandika: umekula nini, saa ngapi, wapi, na ulikuwa unajiskia aje. Kalori wachana nazo.

Ya pili ndio hushangaza wasee. Hauambiwi upunguze chakula! Unaambiwa udishi asubuhi, mchana na jioni, na kitu kidogo katikati, usikae zaidi ya masaa manne hivi bila kitu. Juu ukiruka chai na lunch ndio ukonde, usiku mwili unadai deni yote mara moja. Unakula kupita kiasi, unajichukia, kesho unaruka tena. Duara hiyo haiishi. (Na hizi dayati za TikTok ndizo zinaianzisha, usiniambie.)

Halafu ile hamu. Hupanda kama wimbi na kushuka, so unapanga mapema kitu ya kufanya ikipanda: kuoga, kupigia beshte, kutembea. Si kutembea hadi kwa smokie, lakini.

Chagua programu iko na mtu wa kukufuatilia. Ikikuahidi kukonda kwa siku kumi, futa. Na kama unajitapisha baada ya kula, ama unafikiria kujiumiza, hiyo si ya simu pekee. Enda hospitali na mtu mzima unayemwamini, ama piga 116 ya Childline Kenya. Hata credo haihitajiki, ni bure.